UZI: Paka wa Mwaloni nilimpeleka Kiseke akanikimbia. Wa pili kakaa. Nawaeleza nilipokosea

Bibi Chanja

Wakuu habari za jioni.

Nauza dagaa wa rejareja. Mzigo nauchukua Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, mara mbili kwa wiki, nyumbani ni Kiseke. Anayeijua Mwaloni anawajua paka wa pale. Siyo wale wa kwenye kalenda. Ni mapaka shume yenye vichwa vikubwa na masikio ya kuchanika, yanalala juu ya magunia ya dagaa kama ndiyo yaliyolipa ushuru. Ukigeuka kutafuta chenji, kichwa cha sato kimeondoka.

Wengi wanadhani paka wa sokoni anashiba mwaka mzima. Hapana. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti tena, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, Mwaloni panapoa. Siku hizo ndizo utahesabu mbavu za paka. Nami siku kama hizo ndipo huruma ilinishika, mwaka jana.

Wa kwanza alikuwa dume la rangi ya majivu, sikio la kushoto limebaki nusu. Alinizoea kwa miezi, nikimpa vichwa vya dagaa ananisugulia mguu. Nikajisemea huyu kashakuwa wangu. Nikamtia kwenye kiroba, nikapanda bodaboda. Jamani. Kutoka Kirumba mpaka Kiseke yule paka alilia watu wakageuka wakidhani nimeiba mtoto. Dereva akaniuliza, "Mama, hicho kiroba kinaongea?"

Nilipofika nikakifungua sebuleni. Watoto watatu wamekaa duara, redio inaimba, jirani naye kaja kushangaa. Paka akaruka juu ya kabati, akaangusha glasi, akaingia nyuma ya friji, akabaki huko hadi usiku. Kesho yake akala, nikafurahi. Siku ya nne nikaona katulia, nikaacha mlango wazi.

Ndiyo ikawa mwisho. Wiki tatu baadaye niko Mwaloni napimiwa sado, namwona huyo hapo juu ya gunia, sikio nusu, ananitazama kama mtu ninayemdai akataka kunilipa siku nyingine. Amepita mawe, barabara na mbwa wa mitaa yote hiyo akarudi kwake.

Nilimweleza mtaalamu mmoja wa mifugo, akacheka. Akaniambia mbwa kwao ni kwa mtu, paka kwao ni mahali. Ulipompa vichwa vya dagaa Mwaloni, alikupenda ukiwa Mwaloni. Ulipomtoa ukawa mtekaji tu mwenye harufu anayoijua.

Hilo neno ndilo lililonifunza kumchukua wa pili, naye sasa yuko ndani, huu ni mwezi wa saba tangu nimlete. Naendelea post inayofuata, simu inaisha chaji.

Sato Choma

Mama, usituache njiani. Niko foleni Mlango Mmoja, nasoma.

Jiwe Kuu

Mtoa mada, samahani kama nitakukwaza. Paka wa Mwaloni mwache Mwaloni. Ana chakula, ana wenzake, anakula panya wanaotoboa magunia. Ukimtoa mmoja, nafasi yake anaichukua mwingine kutoka Kitangiri wiki ileile. Utawatoa wote? Hii huruma ni yako, siyo yake.

Bibi Chanja

Jiwe Kuu, nitakujibu, hujanikwaza. Ngoja kwanza nimalize.

Wa pili ni jike, mdogo, mwaka haujafika, rangi tatu: nyeupe, nyeusi na ya chungwa. (Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, mtaalamu alinieleza rangi nyeusi na ya chungwa zinakaa kwenye kromosomu X, hivyo wa kuzipata zote mbili lazima awe na X mbili, yaani kwa kawaida jike. Mume wangu haamini mpaka leo.) Huyu sikumkimbilia na kiroba. Nilichukua tenga la nyanya, nikatandika kanga yangu kuukuu niliyoilalia siku tatu bila kuifua, nikaliacha kibandani kwa mama ninayechukulia mzigo. Kila nikienda, chakula naweka ndani ya tenga. Mara ya kwanza alichungulia. Mara ya tatu akaingia kula. Mara ya sita alilala humo. Siku hiyo nikafunika kwa kanga nyingine, nikakaza kamba, nikakodi bajaji. Ukimfunika asione, kelele zinapungua nusu.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwanza kwa daktari wa mifugo. Akamwangalia macho, masikio, meno na tumbo, akampa dawa ya minyoo na ya viroboto, akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa. Wengi tunakwenda huko paka akishaumwa. Nenda kabla hajakanyaga kapeti lako, maana viroboto wakishaingia kwenye godoro, mtahama nyinyi wakabaki wao.

Nyumbani nilikuwa nimetoa vitu kwenye stoo. Chumba kidogo, dirisha moja, nikaziba kwa wavu wa kuku kwa sababu ule wavu wa mbu anauchana kwa dakika moja. Ndani niliweka boksi la biskuti limegeuzwa kifudifudi na kutobolewa mlango, kanga ileile, maji, na beseni pana la mchanga kona ya mbali na chakula. Mchanga wa beseni nilichanganya na udongo nilioubeba Mwaloni kwenye mfuko, pale walipozoea kujisaidia. Watu walinicheka. Lakini alilitumia beseni usiku wa kwanza. Baadaye nikabadilisha kidogo kidogo mpaka likawa la pumba za mpunga, ambazo mashineni wanakupa bure.

Siku tatu za mwanzo hakutoka ndani ya boksi nikiwa macho. Chakula kililiwa usiku. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu: wanaingiza mkono, wanamvuta, wanambeba "azoee". Mimi nilikuwa naingia na bakuli la mchele, nakaa chini, nachambua mawe, simtazami. Nikimaliza natoka. Mtoto wangu wa kati akawa anaingia kusoma somo la Kiswahili kwa sauti, mmoja tu kwa zamu, mlango umefungwa, kukaa chini, mkono usipande juu ya kichwa cha paka. Akikutazama, unafumba macho polepole na kufumbua. Kwa paka kumkodolea macho ni ugomvi, kufumba polepole ni amani. Siku ya tisa alikuja akanusa kidole changu kikubwa cha mguu. Sikupumua.

Wiki mbili ndipo nikafungua mlango wa stoo usiku watoto wamelala, akazunguka korido akarudi bokisini mwenyewe. Kesho sebule. Keshokutwa jikoni. Stoo ilibaki wazi kila wakati, kuwe na pa kukimbilia sufuria likianguka.

Nje hakutoka mpaka wiki ya tano. Na siku ya kumtoa nilimtoa ana njaa, mchana, dakika kumi. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko kabla ya kumpa chakula. Nikagonga, akaja mbio mkia juu. Siku iliyofuata dakika ishirini. Sasa anapanda mawe yote ya nyuma ya nyumba na kifuniko kikilia anashuka.

Sasa Jiwe Kuu. Nusu ya maneno yako nayakubali. Lile dume la sikio nusu sikulifuata tena. Paka aliyekulia sokoni hadi akawa mzee, hajashikwa na binadamu alipokuwa mtoto, kumfungia chumbani ni kumtesa. Muda wa kumzoesha kwa mtu ni mfupi, tangu wiki ya pili hadi ya saba hivi ya maisha yake. Baada ya hapo inawezekana ila kwa jasho, na wengine haiwezekani kabisa. Hao wanaofaa kubaki, wafungwe kizazi warudishwe palepale. Nafasi inakuwa imekaliwa, mwingine wa Kitangiri haji, na wao hawaongezeki. Ila huyu wa rangi tatu alikuwa ananifuata hadi kituo cha daladala. Huyo hakuwa wa Mwaloni. Alikuwa anatafuta mtu.

Jiwe Kuu

Hapo kwenye kufunga kizazi nakubali. Hapo kwenye "anatafuta mtu" umeanza kuimba taarabu.

Mpangaji Mvumilivu

Dada yangu mimi nina chumba kimoja Mabatini. Stoo natoa wapi? Na mwenye nyumba kashasema paka akikojoa kwenye korido anaweka sumu.

Bibi Chanja

Chumba kimoja ni afadhali kuliko nyumba kubwa, mpangaji. Paka mgeni nyumba kubwa inamtisha. Inua kitanda kwa matofali mawili kila mguu, tundika kanga kuzunguka uvungu, huko ndiko kwake. Beseni weka kona ya mlango, chakula upande wa dirisha. Wageni usilete wiki ya kwanza. Kinyesi toa kila siku, kama korido haina harufu mwenye nyumba hana hoja. Na dume likishahasiwa, ile tabia ya kurushia mkojo ukutani kwa kawaida inapungua sana, hasa likihasiwa kabla halijazoea.

Hilo la sumu namwachia mzee wetu wa mifugo, nimemwona kaingia humu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Niko hapa mama. Mpangaji, mwambie mwenye nyumba kwa heshima kwamba kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Halafu mwambie jingine ambalo litamwingia zaidi: sumu ya panya haichagui. Panya anakula, anatoka anapepesuka mchana, kuku wake anamdonoa au mtoto wake anamshika. Paka akimla naye anavuja damu kwa ndani. Mitaa ya mawe kama Mabatini panya wana mahandaki ambayo huwezi kuyaziba, paka mmoja aliyefungwa kizazi ni msaada kwa kaya nne.

Na jingine nililoliona mara nyingi mno nilipokuwa kazini. Msimpe paka panado. Kidonge kimoja cha paracetamol cha mtu mzima kinatosha kumuua, ini lake halina njia ya kukivunja. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin, hata tone la mgongoni, anaanza kutetemeka. Nenda dukani useme "ya paka", wakikuambia ni ileile tu, toka.

Kivuko cha Asubuhi

Niseme langu ingawa linaniuma. Mwaka juzi niliokota kitoto cha paka Igogo chini ya mtaro, kina viroboto hadi puani. Nikakiogesha kwa ile dawa ya kuua vijidudu, ile ukiitia kwenye maji yanageuka maziwa. Nilitaka kiwe kisafi. Kikajilamba usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kimekauka. Sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu niliona ni uzembe wangu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Pole sana mwanangu. Hukujua, na hata wenye maduka wengi hawajui. Dawa za aina hiyo zina kemikali za jamii ya fenoli, na paka hawezi kuzitoa mwilini. Kosa ni lile la paracetamol kwa mlango mwingine. Kitoto cha viroboto kitie maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kawaida, suuza, kaushe kwa taulo na ukiweke na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, kisha chanuo lenye meno madogo. Kitoto kinakufa kwa baridi kabla ya viroboto kukimaliza.

Sato Choma

Kivuko pole ndugu. Ulitaka kheri.

Mimi swali langu ni la nyumbani. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, mama mkwe kaja toka Magu kasema paka atoke, ataharibu mtoto. Tunaye miaka miwili.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama mkwe ana chembe ya ukweli, usimbishie wote. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, kinaweza kumdhuru mtoto tumboni mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Kinatoka kwenye kinyesi cha paka, siyo kwenye manyoya yake wala pumzi. Na kikitoka hakiambukizi papo hapo, kinahitaji siku moja hadi tano ndipo kiwe hatari. Kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku, na wewe ndiye ulisafishe, siyo yeye. Paka asipewe nyama mbichi. Mama avae glavu akigusa udongo wa bustani, aoshe mchicha vizuri, na nyama ya mishikaki iive. Watu wengi wanakipata kwenye nyama isiyoiva kuliko kwa paka wao. Kliniki ya wajawazito awaulize kuhusu kipimo.

Sato Choma

Kwa hiyo kazi ya beseni nimeshinda mimi. Haya.

Mdau wa Nansio

Hapa Ukerewe mnatuonea. Mimi paka nilimtoa mjini nikavuka naye na meli hadi Nansio, kwenye boksi la televisheni. Saa tatu ziwani, kalia mpaka abiria wakaanza kuchangishana samaki wampe anyamaze. Huyo hawezi kurudi Mwanza, labda akodi mtumbwi. Swali: anakula dagaa wabichi tu, ugali hataki. Kuna ubaya?

Bibi Chanja

Kuna ubaya, na mimi muuza dagaa ndiye ninayesema. Samaki wengi wa maji baridi wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Paka akila hivyo tu kwa wiki nyingi anaanza kuyumba, shingo inapinda. Chemsha, hicho kitu kinakufa. Dagaa wa chumvi usimpe. Na usitegemee dagaa peke yake, mtie vipande vya utumbo wa kuku, maini kidogo, yai lililoiva. Ugali ni kujaza tumbo tu, paka ni mla nyama, kuna vitu mwili wake hautengenezi lazima avipate kwenye nyama. Mapanki ya sangara, yale mabaki baada ya kutoa minofu, mchemshie, umpe nyama, mifupa ile mikubwa uitupe mbali. Maziwa acha, paka wengi wakubwa yanawaharisha. Maji tu.

Na asipokula kabisa siku mbili, usisubiri ya tatu.

Mlinzi wa Zamu

Haya yote sawa. Ila paka mweusi? Kuna mmoja kaja kibarazani Nyegezi usiku wa tatu huu, ananitazama. Wife anasema siyo paka.

Jiwe Kuu

Wife kasema ni nani? Amtaje tumjue.

Bibi Chanja

Mlinzi, weka sahani ya dagaa. Akila ni paka.

Nisitanie sana, najua Kanda yetu hii maneno ya uchawi yameumiza watu, hasa akina mama wazee. Paka mweusi anatazama kwa sababu ana njaa na kibaraza chako kina joto. Waislamu wenzangu mnakumbuka ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Hapakutajwa rangi.

Mlinzi wa Zamu

Kala. Kisha kaniparura nilipomshika.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mlinzi, hapo acha mzaha. Osha jeraha sasa hivi kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 ukitazama saa, siyo kwa kukisia. Kisha nenda kituo cha afya leo, waeleze ni paka asiyejulikana. Wao ndio wataamua kuhusu chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikianza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo, lakini chanjo ikitangulia kinazuilika. Usipake mafuta ya taa, usiweke kahawa.

Na wenye paka wote humu: chanjo anaanza akifika miezi mitatu, kisha kwa ratiba ya daktari. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizeni ofisi ya mifugo ya kata yenu kama kuna zoezi, msidhani ni la mbwa tu.

Mlinzi wa Zamu

Nimeosha. Nimefika kituoni, nimechomwa ya kwanza, nina tarehe za kurudi. Ahsante mzee. Paka bado yuko kibarazani, wife kamwekea maji.

Mama Wawili Bwiru

Nimechelewa uzi. Mtoto wangu kapata mapunye kichwani mwezi mmoja baada ya kuleta kipaka. Vinahusiana?

Bwana Mifugo Mstaafu

Inawezekana sana mama. Mtazame kipaka masikioni na usoni, kama kuna viduara visivyo na manyoya. Watibiwe wote wawili kwa wakati mmoja, matandiko yafuliwe yaanikwe juani. Kipaka usikitupe, kinapona. Mtoto mpeleke hospitali, mapunye ya kichwani mara nyingi yanataka dawa ya kumeza.

Sato Choma

Bibi Chanja tupia picha ya huyo rangi tatu basi.

Bibi Chanja

Nimepiga nne, zote mgongo. Akiona simu anageuka.

Jana alilala miguuni kwangu kwa mara ya kwanza, mvua ilikuwa inapiga bati hadi hatusikiani. Alifungwa kizazi mwezi wa pili tangu aje, daktari alisema tuharakishe kwani wakishafika miezi minne au mitano wanaweza kubeba, na mimba yao ni miezi miwili tu. Ningechelewa sasa hivi ningekuwa nawaandikia nikiwa na watano.

Yule dume wa sikio nusu bado yuko Mwaloni. Mwezi ukiwa mkubwa nambebea mapanki ya kuchemsha kwenye kopo. Anakula akinipa mgongo.

Jiwe Kuu

Bibi Chanja.

Bibi Chanja

Naam.

Jiwe Kuu

Kuna kimoja hapa kazini Pasiansi, cheupe, kinanifuata hadi kwenye pikipiki. Siyo kwamba nimebadilisha msimamo. Hilo tenga ulinunua bei gani?

Bibi Chanja

Njoo uchukue langu, liko nyuma ya banda. Lakini kanga iliyomo ulalie kwanza siku tatu, na tenga ulirudishe, nina mwenzako wa Nyasaka kashaliulizia.